Vidonge Kumi na Vinne

Jumatatu, 3 Machi

Siku yake. Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nimenyoa ndevu mara mbili, mara ya pili bila sababu yoyote. Nimefuta kioo cha dirisha la dawa kwa spiriti hadi nzi akajigonga.

Mwalimu amefika saa kumi na dakika kumi, chaki kwenye mkono wa gauni. Tundu la kioo chetu lilikatwa chini mno, mteja lazima ainame ndipo asikike. Kwa hiyo, baada ya miaka miwili ya kumhudumia, ninachokijua vizuri zaidi ni utosi wake. Mstari wa nywele umenyooka kama wa daftari. Naweza kuuchora nimefumba macho.

Kila mwezi mambo ni yale yale. Habari za kazi, kaka. Nzuri, Mwalimu. Vidonge vyake vya kifafa, vile vya zamani vya bei nafuu, sitini, kimoja asubuhi kimoja jioni. Anahesabu. Anasaini daftari. Haya, mwezi ujao. Dakika nne! Wakati namsubiri nilipiga hesabu: dakika arobaini na nane kwa mwaka. Watu wanakaa kwa kinyozi muda mrefu kuliko huo.

Naapa sikupanga. Mkono ulikuwa tayari juu ya kopo. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia mzigo umechelewa, leo achukue vya wiki moja tu, kumi na vinne, Jumatatu ijayo apite tena.

Akauliza kwa nini. Nikasema soko la dunia limechafuka. Akainama zaidi. Nikaendelea: viwanda huko ng'ambo, malighafi, meli. Sijui meli ilitoka wapi. Alinisikiliza kwa makini, nyusi zimekutana.

Dakika tisa! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumanne, 4 Machi

Dada amegundua mluzi. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka sita, anashona sare za shule sebuleni, na hakuna kinachompita. Ameuliza nimefanya nini. Nimesema sijafanya kitu. Akasema basi nimeshafanya.

Bosi wetu, mfamasia, tunamwita Mama Lebo. Anabandika lebo kila kitu, hata jagi la maji limeandikwa MAJI. Asubuhi amepitia daftari na kuuliza kwa nini Mwalimu kachukua kumi na vinne badala ya sitini. Nikamwambia ameomba mwenyewe, mambo ya mshahara. Akaguna. Mguno wa Mama Lebo haupendezi.

Nimechukua makopo mawili na kuyasogeza nyuma ya nepi, rafu ya chini. Tahadhari tu. Rafu ikionekana imepungua, maneno yangu yatakuwa na ushahidi.

Alhamisi, 6 Machi

Manukato amekuja. Ndiye wakala wa kampuni ya dawa mpya za kifafa. Harufu yake inaingia dukani yeye akiwa bado anafunga mlango wa gari. Viatu vinameta. Begi la ngozi. Anagawa kalamu kama pipi.

Dawa zake zimefungwa kwenye boksi zuri kama zawadi ya arusi, na bei yake pia ni ya arusi. Alimweleza Mama Lebo, huku akiniangalia mimi kama kabati, kwamba vidonge vya zamani vinatumiwa na wagonjwa wengi lakini havina faida, na kiwanda kisichopata faida kinageukia kitu kingine. Pesa ya kifafa duniani iko kwenye dawa mpya, alisema. Wagonjwa wako upande mmoja, pesa iko upande mwingine.

Mama Lebo akamjibu kwamba wateja wake wako upande huu.

Nilimpenda Mama Lebo kwa dakika nzima. Baadaye Manukato akaniuliza chini chini yule mwalimu mwenye sauti nzuri huja siku gani, angependa kumweleza habari za dawa mpya. Angependa! Nimemwambia amehama. Nimeivunja kalamu yake.

Jumatatu, 10 Machi

Dakika kumi na saba. Kumi na saba! Wateja wawili nyuma yake wameondoka kwa hasira. Waende.

Nimempelekea kiti upande wa nje. Hiyo peke yake ni akili kubwa: akikaa, uso wake unakuwa sawa na tundu. Kwa mara ya kwanza nimemwona akiongea. Ana mwanya. Miaka miwili, sikujua ana mwanya!

Amenieleza mambo. Alianguka mara ya kwanza akiwa chuo cha ualimu, mbele ya mkaguzi, katikati ya somo la mfano. Baada ya hapo alianguka sokoni, kanisani, mara moja kwenye ngazi. Mchumba wake wa wakati ule aliaga vizuri sana, akashukuru kwa kila kitu, akaenda zake. Alipopata vidonge hivi, kuanguka kukaisha. Miaka minne na miezi minne sasa. Daktari amemwambia akitimiza mitano bila kuanguka hata mara moja, wataweza kuzungumzia baiskeli.

Nikauliza baiskeli gani. Akacheka, akaona haya. Ameshainunua. Ya kijani. Iko sebuleni, kila Jumamosi anaifuta vumbi na kuijaza upepo. Hajawahi kuipanda. Anataka siku moja aende nayo shuleni kwa barabara ya chini, ile yenye mteremko, bila kusukuma pedeli, upepo tu.

Nilitaka kumwambia nitakimbia pembeni yake. Nikamwambia meli imekwama.

Akauliza kama kuna uwezekano wiki ijayo visiwepo kabisa. Hapo ningeweza kusema. Yalikuwepo makopo kumi na moja nyuma ya mgongo wangu. Lakini alikuwa ananitazama kwa lile jicho la mtu anayetegemea jibu lako, na hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Nikasema tuombe Mungu. Nikampa kumi na vinne.

Ameviweka kwenye mkoba taratibu, kama mayai.

Jumatano, 12 Machi

Balaa.

Saa tatu asubuhi amekuja Mzee Fundi Saa, mwenye kibanda mkabala na sisi. Mkewe anatumia vidonge hivi hivi. Kila mwezi humchukulia vya mwezi mmoja. Leo anataka vya miezi sita. Nikauliza kulikoni. Akanitazama kwa huruma: inakuwaje nafanya kazi duka la dawa na sina habari? Soko la dunia limechafuka! Meli imeungua!

Nikamwambia haijaungua, imekwama tu.

Akageuka na kuwaambia watu wote dukani: mmesikia, hata yeye anathibitisha.

Saa nne kulikuwa na foleni. Saa sita foleni ilikuwa imefika kibanda cha saa. Watu ambao sijawahi kuwaona. Mmoja hana mgonjwa kabisa, ananunua kwa ajili ya mbeleni. Mama Lebo alimpigia simu muuzaji wa jumla. Muuzaji akasema hajasikia chochote. Baada ya saa moja akapiga yeye: maduka saba yameagiza kwa pamoja, ghala limekauka, na bei imepanda. Mama Lebo akaweka simu chini, akasema kumbe ni kweli.

Kumbe ni kweli! Nimekaa juu ya boksi la dripu. Mtu mmoja, kwenye tundu la kioo, kwa ajili ya mwanya. Nimechafua soko la dunia kwa mdomo wangu.

Jioni rafu ilikuwa nyeupe. Nimechungulia nyuma ya nepi. Makopo mawili yapo. Ya Mwalimu. Nikajipongeza kwa kuwa na busara ya mapema.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Lebo amebandika karatasi mlangoni: VIDONGE VYA ZAMANI VYA KIFAFA HAKUNA. Manukato akasimama mbele yake na kuisoma kama barua ya mapenzi. Akasema alitabiri. Ameuza maboksi manne kabla ya saa sita, kwa watu waliokuwa wanahesabu sarafu kwenye kiganja.

Saa nane akaja mama mmoja, mtoto mgongoni. Wa miaka mitano hivi, mkubwa mno kubebwa, miguu inaning'inia. Maduka matatu ameshapita. Mama Lebo alikuwa ndani. Mimi ndiye niliyekuwa dirishani. Nikasema hakuna. Akasema asante. Hakulalamika. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akatoka.

Nikabaki natazama nepi.

Nimemkimbilia hadi kwenye kona, bila hata kuvua koti la kazi, nikampa kopo zima. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akaniombea baraka mimi, wazazi wangu na watoto wangu ambao sina. Hakuna kitu kizito kama kuombewa baraka na mtu uliyemwibia. Nilitaka anipige.

Limebaki moja. La Mwalimu. Hilo siligusi.

Jumatatu, 17 Machi

Saa kumi na dakika kumi. Kiti nimekiweka. Nimekifuta.

Saa kumi na nusu. Hajafika.

Saa kumi na moja ameingia mwalimu mwenzake, mwanamke mnene mwenye haraka, cheti cha dawa mkononi. Cheti cha Mwalimu. Nikauliza yuko wapi mwenyewe.

“Ameanguka,” akasema. “Leo asubuhi, darasa la nne. Alikuwa anaandika hesabu za sehemu ubaoni, mara chaki ikamtoka. Kajigonga kwenye dawati. Hapa.” Akagusa unyusi wake.

Nikasema haiwezekani, hajaanguka miaka minne.

“Ndiyo. Sasa ameanguka. Alikuwa anameza kimoja kwa siku badala ya viwili. Anabana, visimwishie. Nilimwambia, wewe unacheza na moto. Akaniambia kuna kaka wa dirishani, mtu anayejua mambo, amemwambia hali ni mbaya.” Akasoma karatasi ya mlangoni. “Na kweli ni mbaya. Unamjua huyo kaka?”

Nilisema simjui.

Ameondoka mikono mitupu, na kopo bado liko nyuma ya nepi.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwake baada ya kazi, kopo chini ya kwapa. Chumba na sebule, pazia la maua, madaftari ya watoto mezani, yamesahihishwa nusu. Baiskeli ya kijani imeegemezwa ukutani. Haina vumbi hata chembe.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, bandeji juu ya jicho. Anaongea taratibu kwa sababu ameuma ulimi. Akaniambia karibu, kaka, umepata taabu kuja. Akaniomba radhi! Eti watoto walimwona, mmoja kalia sana, na jana alichelewa kutuma mtu kufuata dawa.

Nikaweka kopo chini. Nikasema yote. Meli, kiwanda, nepi. Nimesema kwa mbio, macho kwenye gurudumu la baiskeli.

Akalitazama kopo.

“Vilikuwepo?” akauliza.

“Vilikuwepo.”

“Hata siku ile nilipokuuliza kama vitakwisha?”

“Makopo kumi na moja.”

“Kwa nini, kaka?”

Nikamwambia kuhusu dakika nne. Lilikuwa jambo zito sana kichwani mwangu. Nililitamka, likatoka kama kitu cha mtoto wa chekechea.

“Kwa hiyo ulitaka tuzungumze.”

“Ndiyo.”

“Ungesema.” Akagusa bandeji. “Ningekaa. Mimi nikitoka shule sina pa kukimbilia. Hata mimi nilikuwa nahesabu Jumatatu.”

Hata yeye! Nusura moyo unitoke. Lakini hakuwa anatabasamu. Alifungua kopo, akamimina vidonge kwenye sahani na kuvihesabu mbele yangu, viwili viwili, hadi cha mwisho. Akasema miaka mitano inaanza jana. Akasema nikamwambie bosi wangu mwenyewe, nikichelewa atakwenda yeye. Akasema sasa niende, kichwa kinamuuma.

Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani. Dada aliniona mlangoni, hakuuliza kitu. Akaninywesha chai. Dada asipouliza, ujue uso wangu umeshajibu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia Mama Lebo. Hakupiga kelele. Aliondoa lebo yenye jina langu dirishani, akaikunja, akaitia kwenye pipa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa stoo. Hanifukuzi, amesema, kwa sababu akinifukuza nitakwenda kuharibu duka la mtu mwingine. Lakini kwanza nipite kila duka la dawa na kwa kila mteja aliyejaza vidonge kabatini, niseme ukweli, niombe wanaoweza warudishe.

Nimezunguka kutwa nzima. Ajabu moja: uongo wangu ulihitaji siku mbili kufika kila mahali, na ukweli hakuna anayeutaka hata ukiufikisha mlangoni. Duka la kwanza walinipongeza kwa ucheshi. La pili waliniuliza nani kanituma. Mzee Fundi Saa alivua ile lenzi yake ya jicho, akanivuta pembeni, akaniambia anaelewa, wakubwa wamenilipa ili niwatulize watu. Akaninong'oneza kwamba meli zilikuwa mbili.

Nikampigia magoti, kweli kabisa, katikati ya saa zake zote zinazosema wakati tofauti. Nikamwambia kuna mtoto anabebwa mgongoni duka hadi duka. Nikamwambia Mwalimu amefungwa bandeji. Akairudisha lenzi jichoni. Mkewe, ambaye alikuwa ndani ya kibanda muda wote, akatoka na mfuko. Vya miezi mitano. Akasema yeye anaanguka, anajua. Akanikabidhi bila kunitazama.

Jumamosi, 22 Machi

Mzigo umeingia. Makopo arobaini. Mama Lebo ameyabandika lebo zenye tarehe, idadi na onyo. Bei ilipanda kwa uongo, nikadhani itashuka kwa ukweli. Muuzaji wa jumla anasema bei ikishapanda imezoea. Manukato hajaonekana, lakini harufu ipo.

Nilikuwa stoo, napanga pamba, niliposikia sauti ya Mwalimu dukani. Habari za kazi, mama. Nikasimama kama mti. Kati yetu kuna ukuta wa mbao na maboksi ya sabuni. Nilisikia vidonge vya mwezi ujao vikihesabiwa. Nilisikia kalamu. Ningetoa mwaka mzima wa maisha yangu kuona utosi ule.

Dakika nne kamili.

Ameacha tangazo, Mama Lebo amelibandika chini ya saa. Wenye kifafa na jamaa zao watakutana shuleni kila Jumamosi alasiri. Wataagiza dawa kwa pamoja, za miezi mitatu kwa mpigo, moja kwa moja kwa muuzaji wa jumla, wabishane bei kwa sauti moja. Mstari wa mwisho unasema: ili usalama wetu usitegemee mdomo wa mtu yeyote dirishani. Mwandiko mdogo, umenyooka. Nimeusoma mara nyingi. Ni mstari mgumu, lakini umeandikwa kwa ajili yangu. Sijawahi kuandikiwa mstari na mtu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda. Nia yangu ilikuwa safi. Nilitaka tu kubeba madawati.

Darasa la nne, watu ishirini na kitu. Mama wa yule mtoto alikuwepo. Mzee Fundi Saa na mkewe. Mwalimu ubaoni, bandeji imetoka, kovu jipya juu ya jicho. Alikuwa anachora jinsi bei inavyopanda kutoka kiwandani hadi kiganjani, mshale kwa mshale, na watu wazima walikuwa wananyoosha mikono kama watoto. Nikasimama mlangoni. Nilisikiliza. Akisema neno “pamoja” mwanya unaonekana.

Mwenye kuandika majina akaniuliza mimi ni mgonjwa au jamaa ya mgonjwa. Wengine hawaruhusiwi, ndivyo walivyokubaliana. Darasa zima likageuka. Mwalimu akageuka. Kulikuwa na jibu moja tu la kweli, na jibu hilo lilikuwa linanirudisha barabarani.

Nikasema shangazi. Nina shangazi mwenye kifafa. Tangu ujana wake.

Uso wa Mwalimu ukabadilika. Taratibu, kama mtu anayefungua dirisha lililokwama. Akasema hakujua. Akasema pole sana, kaka, kumbe na wewe umebeba mzigo huu. Akashuka kutoka ubaoni, akanivutia kiti mwenyewe, mstari wa mbele.

Nimekaa saa moja na dakika kumi! Dakika sabini! Nimechangia mara mbili. Mara ya pili amecheka.

Mwishoni akaniambia daktari anakuja Jumamosi ijayo kuwapima wote, nisikose kumleta shangazi, yeye mwenyewe atakaa naye. Nikasema bila shaka, atafurahi sana.

Baba alizaliwa peke yake. Nimemwomba Dada, akasema akija kama shangazi yangu atakuja na mwiko. Lakini juma lina siku saba, na mji una wanawake wengi wa umri wa makamo wenye nyuso za upole. Kesho asubuhi naanzia sokoni, natafuta shangazi.